Nimeuza chenso (msumeno wa cheni) ya petroli nikanunua ya betri. Sijutii, ila inanizimikia kila dakika 7. Shida nini?

#1 Kigogo wa Kiwangwa

Wakuu, habari za Jumapili.

Nina ekari 6 huku Kiwangwa, mkoa wa Pwani. Mikorosho kama 40, miembe michache, mstari wa mikaratusi mpakani, na kichaka ambacho kila masika kinarudi kama hakijawahi kuonja fyekeo. Kwa miaka minne nilikuwa na chenso ya petroli ya Kichina, cc 52. Mnaozijua mnazijua: siku ya kwanza inawaka kwa mvuto mmoja, ikikaa stoo wiki tatu unavuta kamba mpaka bega linataka kuhama. Kabureta imesafishwa mara nyingi hadi mtoto wa fundi ananiita baba mkubwa.

Mwezi wa nne nikaiuza kwa laki 2 na nusu, nikaongeza hela, nikachukua ya betri. Inakula betri 2 kwa pamoja, kila moja imeandikwa volti 20, Ah 4 (ujazo wa betri). Lile bapa la cheni ni inchi 14. Haina moshi, haina kelele za kuamsha kijiji, mke wangu anapunguzia michongoma ya uzio bila kuniita. Nasema wazi: kwa shamba la mtu wa kawaida, petroli imekwisha kazi yake.

Ila sasa. Nikiwa kwenye gogo la mwembe au mkaratusi, ikifika dakika kama 7 inazima. Haipungui nguvu polepole, inazima kama LUKU iliyoisha. Nikisubiri robo saa inawaka, inakata dakika 2, inazima tena. Na taa za betri mara nyingine zinaonyesha bado 2 kati ya 4. Muuzaji anasema ndivyo zilivyo. Kweli ndivyo zilivyo?

Naomba kuwasilisha.

#2 Ngoja Waje

Nimekaa siti ya mbele. Ngoja waje wenye misitu.

#3 Mnyalukolo wa Mafinga

Kamwene.

Nimekata paini msitu wa Sao Hill miaka 11, kwa hiyo nisamehe nikisema ulichonunua ni mswaki wa umeme. Lakini umeuliza, nakujibu: cheni yako butu.

Angalia kinachotoka kwenye mti. Cheni kali inatema vipande, unavishika kwa vidole. Butu inatoa unga kama sembe. Ukiona sembe, acha kukata. Chenso ya petroli ikiwa butu inakuambia kwa mlio, inalia vibaya, moshi unatoka kwenye mti, hata mtu asiyejua anashtuka. Motor ya umeme hainung'uniki. Inavuta umeme zaidi na zaidi kimya kimya, mpaka kitu fulani ndani kinasema basi.

Cheni hizo ndogo nyingi zinataka tupa ya duara ya milimita 4. Meno ya upande mmoja yote, kila jino mapito yanayolingana, unasukuma kwenda mbele tu, kisha unageukia upande wa pili. Wewe mkulima wa simu nina hakika hata tupa huna.

#4 Kigogo wa Kiwangwa

Tupa ninayo. Ya kunolea jembe.

#5 Mnyalukolo wa Mafinga

Mungu akusamehe.

#6 Volti Moja

Mimi ni fundi umeme, Dodoma. Kabla hatujamlaumu mtu, tufanye hesabu ya darasa la saba.

Betri yako si volti 20. Ndani kuna seli 5 kwenye mstari, kila moja ni volti 3.6 kwa wastani. 5 × 3.6 = 18. Hiyo 20 ni namba ya kupendezesha boksi, seli zikiwa zimetoka tu kwenye chaja. Kwa hiyo mbili zinakupa volti 36. Zidisha kwa Ah 4 unapata saa-wati 144. Yaani sehemu ya saba hivi ya uniti moja ya LUKU.

Chenso ya aina hiyo ikizama kwenye gogo inaweza kuvuta wati 1,200. Gawanya 144 kwa 1,200, zidisha kwa dakika 60: dakika 7.2.

Muuzaji wako kasema kweli bila kujua. Dakika 7 za kukata mfululizo ndiyo tangi lako lote. Ukikata matawi, unabonyeza na kuachia, unaweza kwenda nusu saa na zaidi, ndiyo maana mama hajawahi kulalamika kwenye michongoma.

#7 Kigogo wa Kiwangwa

Mkuu hesabu nimeielewa na imeniuma. Lakini mbona taa zinaonyesha nusu? Na mbona ikipumzika inawaka tena? Tangi likiisha limeisha.

#8 Volti Moja

Hapo sasa ni joto. Betri nzuri ina kipima joto ndani. Ikichemka inakata umeme ili seli zisiharibike. Ikipoa inaruhusu. Pwani saa 7 mchana, betri imetoka kwenye buti la gari, unategemea nini? Siku nyingine iweke kivulini, usiichaji ikiwa bado ya moto, na usiilaze juu ya gogo lililopigwa na jua.

#9 Fundi Kabureta

Nyie mnazunguka. Mimi nina swali moja kwa mleta uzi: ile ya petroli ulikuwa unachanganyaje oili?

#10 Kigogo wa Kiwangwa

Kwa macho. Mpaka petroli iwe na rangi ya juisi ya rozela.

#11 Fundi Kabureta

Wadau mmeona? Mtu anachanganya kwa rozela halafu anasema petroli imekwisha kazi.

Sikiliza. Hizo za Kichina nyingi zinataka 25 kwa 1, yaani mililita 40 za oili ya 2T (ya kuchanganya na petroli) kwa kila lita ya petroli. Za Stihl na Husqvarna ukitumia oili yao ni 50 kwa 1, mililita 20 kwa lita. Ukizidisha, plagi inachafuka na inagoma kuwaka. Ukipunguza, pistoni inakwaruzika, kwaheri. Na ukimaliza kazi mwaga mafuta, iwashe ijizimie yenyewe, ndipo uiweke stoo. Petroli ikikaa wiki kadhaa ndani ya kabureta inaacha utando kama gundi kwenye vile vitundu vidogo. Bega lako halikuumizwa na chenso, liliumizwa na uvivu.

#12 Mama Nyuki wa Handeni

Kaka zangu mnapima kwa dakika na lita, mimi napima kwa nyuki.

Nina mizinga 30 kwenye miti ya shambani. Kila mwaka kuna matawi ya kupunguza kuzunguka mizinga. Kwa petroli nilikuwa nasubiri usiku, nakata tawi moja, nakimbia. Ule mtikisiko na moshi wa ekzosi nyuki wetu hawauvumilii hata kidogo. Mwaka jana mwanangu aliniletea ki-chenso kidogo cha betri, cha mkono mmoja, inchi 6. Nakata jioni, hatua chache tu kutoka kwenye mzinga, na kinga zangu zote nimevaa. Wanatoka kuangalia, wanarudi.

Hainizimii. Lakini mimi sikati magogo ya mwembe.

#13 Ngoja Waje

Mama Nyuki, asali ipo? Njoo inboksi.

#14 Mkwezi wa Makunduchi

Asalaam aleikum. Mie nipo Unguja, kazi yangu minazi mizee, ile iliyokwisha kuzaa, twaipasua mbao na boriti.

Huyo bwana kasema mwembe na mkaratusi, lakini mie nataka kumuuliza: hujakata mnazi kwa cheni hiyo hiyo? Maana mnazi ule ubavu wake wa nje ni mgumu na una kama mchanga ndani yake. Cheni iliyonolewa asubuhi, mnazi wa pili tu ishakuwa kijiko. Mtu hukata mnazi mmoja uani, akafikiri si kitu, kumbe keshaiua cheni, halafu akienda kwenye mwembe anasema betri mbovu.

#15 Kigogo wa Kiwangwa

Shehe, una macho ya kuona mbali. Nilikata mmoja wa jirani, wiki ya pili tu baada ya kununua. Alinipa madafu.

#16 Mnyalukolo wa Mafinga

Nilisema mimi. #3. Naomba maua yangu.

#17 Volti Moja

Maua gani? Cheni butu ndiyo inayoleta joto. Mimi na wewe tunasema kitu kimoja, ila mimi nimepiga hesabu.

#18 Kaka wa Sacramento

Salamu kutoka California. Mleta uzi yuko mbele ya wakati. Huku chenso za petroli zimeshapigwa marufuku tangu 2024, kila mtu ni betri.

Nikupe na kisa. Desemba iliyopita nilitaka kumletea mzee wangu Moshi chenso ya volti 36 yenye betri ya Ah 5. Uwanjani wakaikataa betri. 36 × 5 ni saa-wati 180, na abiria mwisho ni 160, tena kuanzia 100 hadi 160 mpaka shirika la ndege likubali, zisizidi 2. Nikaenda na chenso bila betri, kama mtu aliyebeba jiko bila mkaa.

Nikatafuta njia nyingine: nikanunua inayotumia betri mbili za volti 18, kila moja saa-wati 90, nikaziweka kwenye begi la mkononi maana betri za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini. Zikafika. Nikachomeka chaja. Chaja ya huku ni ya volti 120 tu, sikusoma kijikaratasi, kwetu ni 230. Ikatoa moshi huko huko Moshi.

#19 Ngoja Waje

Hiyo ya Moshi umeipanga wewe.

#20 Mpitaji wa Seattle

Kaka wa Sacramento, rekebisha kidogo usije ukapotosha watu nyumbani. Sheria ya California ya 2021 inahusu mashine ndogo mpya zinazotengenezwa na kuuzwa kuanzia modeli za 2024. Uliyo nayo hakuna anayekuja kukunyang'anya. Pili, chenso za cc 45 kwenda juu hazimo kabisa, jimbo halina mamlaka juu yake, zinahesabika kama vifaa vya shamba na ujenzi chini ya serikali ya shirikisho. Hata ile cc 52 ya Kigogo ingeponea hapo.

#21 Fundi Kabureta

Kumbe! California yenyewe imeziacha kubwa. Endeleeni na miswaki.

#22 Kaka wa Sacramento

Nimekubali kusahihishwa. Ya chaja lakini ni kweli tupu, mama mpaka leo ananikumbusha.

#23 Wa Limuru

Hapa Kenya tunaita pawaso, na wenye kazi ya kupasua mbao hawajahama petroli. Lakini kwa boma ya nyumbani, mimi nimehama. Mgrivea wa kuni, sipresi za kando ya ua, hiyo betri inatosha.

Kitu imenifurahisha ni kelele. Kulipokuwa na marufuku ya kukata miti kutoka 2018, ilikuwa ya misitu ya serikali na ya jamii, si ya shamba lako. Lakini ukiwasha pawaso nyuma ya nyumba, nusu saa haijaisha mtu wa chifu amefika kuuliza karatasi. Unaeleza, unaeleza, chai inaisha. Rais Ruto alitangaza kuiondoa Julai 2023, lakini majirani wamebaki na masikio ya wakati ule.

#24 Mpita Njia Tabora

Wa Limuru hicho unachosifia ndicho kinachonitisha. Mlinzi wa msitu anategemea sikio. Chenso ya petroli unaisikia ukiwa mbali ng'ambo ya bonde. Hizi za betri zikiwa na nguvu zaidi, mwizi wa mninga atakata usiku kucha na watu wa TFS, wakala wa misitu, wamelala fofofo.

#25 Wa Limuru

Kwa dakika 7 za Kigogo? Mwizi ataamka na jua hajamaliza mti mmoja.

#26 Mpita Njia Tabora

😂😂 Hiyo nimeikubali. Lakini betri zinaboreka kila mwaka. Na mkumbuke wote mnaokata vyenu: magogo yakitoka shambani kwenda barabarani, kibali cha kusafirisha ni lazima, betri au petroli. Anzeni kwa ofisa misitu wa wilaya, msianze kwa chenso.

#27 Mzee wa Mafia

Vijana, mmesahau jambo moja. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga huku kwetu kisiwani. Minazi na miembe imelala barabarani, imelalia nyaya. Umeme hakuna. Sasa niambieni, mti ulioangukia nyaya ndio uliokata umeme, na chenso ya kuukata mti inataka umeme. Mnaanzia wapi?

Kijana mmoja alikuwa na ya betri. Ilikata matawi mawili makubwa, ikaisha, akaiweka begani kama bunduki ya gwaride akawa anatuangalia. Tulimaliza kwa petroli moja na mashoka.

#28 Mama Nyuki wa Handeni

Shikamoo mzee. Sisi Handeni kijijini umeme wa gridi haujafika kwangu. Nachaji kwa sola, betri ndogo inajaa mchana mmoja pamoja na simu. Chaja za hizi chenso kubwa zinavuta sana, sola ndogo itashindwa, lakini si kwamba haiwezekani.

#29 Kaka wa Sacramento

Shikamoo mzee wangu. Au inveta ya gari. Injini inanguruma tu pale barabarani, unachaji.

#30 Mzee wa Mafia

Marahaba wanangu. Kwa hiyo nawasha injini ya petroli ya gari ili nisitumie petroli kwenye chenso. Elimu ni bahari.

#31 Duka la Zana (mstaafu)

Niliuza vifaa Kariakoo miaka mingi, sasa nimepumzika, naongea bila hofu. Wote mmepita karibu na tatizo hamjaligusa.

Betri zake ni mbili zinazofanya kazi kwa mfuatano. Moja ikiwa dhaifu, mashine nzima inasimama pale ile dhaifu inapofika chini, hata kama mwenzake amejaa. Ikipumzika, ile dhaifu inarudisha volti kidogo, inaonekana imepona, unakata dakika 2, inaanguka tena. Taa "2 kati ya 4" anazoziona ni za yule mzima! Kigogo, umewahi kuangalia taa za betri zote mbili kwa wakati mmoja?

Na sokoni betri feki zimejaa. Ganda zuri, nembo nzuri, ndani seli za taka au zimepungua idadi. Kipimo cha maskini ni mizani ya dukani. Betri ya namna hiyo ya Ah 4 kwa kawaida ina seli 10, na hizo seli peke yake ni karibu gramu 450. Ongeza uzito wa ganda, bodi ya umeme na waya. Ukikuta betri nzima ina gramu 400, umeuziwa kopo. Na ukiona imeandikwa maajabu kama "88VF", hiyo si volti ya dunia hii.

#32 Kigogo wa Kiwangwa

Nimetoka dukani kwa Mangi na betri zangu. Mangi kauliza kama nauza kwa kilo.

Moja gramu 655. Nyingine gramu 610.

Na kwa kuwa leo ni siku ya kutubu: oili ya kulainisha cheni nilikuwa naweka oili chafu iliyotoka kwenye gari. Mtu aliniambia cheni haijui tofauti.

#33 Mnyalukolo wa Mafinga

Gramu 45 ni seli moja kasoro! Hapana, subiri, hiyo ni kazi ya mstaafu. Mimi narudi kwenye oili.

Oili chafu ina masizi na chembe za chuma. Chenso kubwa yangu pampu yake ina kifua, wengi huku wanaitumia na wanaona sawa. Kwenye hizo ndogo kitundu cha oili ni kidogo, kinaziba, cheni inazunguka kavu, inapata moto, inarefuka, wewe unaikaza, inazidi kuwa nzito. Ng'oa bapa, safisha kile kitundu na mfereji wake kwa kijiti. Rudisha, ielekeze kwenye kipande cha boksi, bonyeza. Isiporusha mstari wa oili, umepata ugonjwa.

#34 Duka la Zana (mstaafu)

Mnyalukolo usiwahi. Ikiondolewa seli moja betri isingefanya kazi sawasawa hata siku ya kwanza, zinapangwa mbili mbili. Tofauti hiyo inaweza kuwa toleo tofauti la seli au ganda. Inaniambia tu kwamba hazikuzaliwa siku moja. Pacha wa baba tofauti hawaendani kazini.

#35 Nesi wa Kibosho

Napita tu. Mnaosifu petroli: wakataji wanaokuja kwetu vidole vimepauka na vina ganzi asubuhi ni wa mashine za mtikisiko, miaka mingi. Na wengine hawasikii vizuri. Chenso ya petroli inafika desibeli 110, hakuna anayevaa kinga ya masikio.

Ila wa betri nao nimewashona. Yule kijana alifikiri imezimwa kwa sababu ilikuwa kimya. Akaishika ili aondoe jani lililonasa kwenye cheni, kidole kingine kikabonyeza. Toeni betri kabla ya kugusa cheni. Zote mbili.

#36 Fundi Kabureta

Na zile suruali za kinga zinaandikwa kwa kasi ya cheni: daraja la kwanza mita 20 kwa sekunde, la pili 24, la tatu 28. Nyuzi zake zinanasa kwenye gia na kuizima petroli. Motor ya umeme ina nguvu hata ikiwa kwenye mzunguko wa chini, haizimiki kirahisi namna ile. Asije mtu akadhani kuna chenso ya kuchezea.

#37 Mhasibu wa Mbagala

Hakuna aliyeongelea hela, ndiyo maana nimeingia.

Tuseme tangi la nusu lita la petroli linafanya kazi sawa na kuchaji mara 3 kwa betri za Kigogo. Petroli tuweke 3,000 kwa lita kurahisisha (EWURA wanaopanga bei watatubadilishia Jumatano ya kwanza ya mwezi kama kawaida). Nusu lita 1,500. Oili ya 2T mililita 20, kama unanunua lita kwa 12,000, ni 240. Jumla 1,740.

Betri: kuchaji mara moja, pamoja na upotevu, kama uniti 0.17. Tukiweka 356 kwa uniti ni shilingi 60. Mara 3 ni 180. Watu wa betri wanashangilia hapa na kuondoka.

Wasiondoke. Betri mbili mpya ni kama 240,000. Zikivumilia kuchajiwa mara 500, kila chaji imekula 480 ya betri. 480 + 60 = 540, mara 3 ni 1,620. Sawa kwa sawa na petroli. Na joto la Pwani likiziua kwenye mara 300, ni 860 kila chaji, mara 3 ni 2,580. Petroli imeshinda.

#38 Volti Moja

Mhasibu umesahau plagi, chujio, kamba ya kuvutia, kabureta na nauli ya kwenda kwa fundi.

#39 Mhasibu wa Mbagala

Sijasahau. Sina risiti. Mleta uzi alilipa fundi kiasi gani kwa miaka minne?

#40 Kigogo wa Kiwangwa

Mke wangu anasoma huu uzi.

#41 Mkwezi wa Makunduchi

😂 Basi yamekwisha.

#42 Mpitaji wa Seattle

Kidogo nje ya mada. Wanaosema chenso za umeme ni mambo ya vijana wa leo: Andreas Stihl kule Ujerumani alianza na ya umeme mwaka 1926, ya kubebwa na watu 2, na ya petroli ikaja 1929. Umeme ndio kaka mkubwa.

#43 Fundi Kabureta

Na kilichomfanya atengeneze ya petroli miaka mitatu baadaye ni nini kama si msituni hakuna soketi? Mzee wa Mafia ameshaeleza #27.

#44 Kigogo wa Kiwangwa

Mrejesho, Jumamosi jioni.

Nimenunua tupa ya milimita 4, nimenoa kama Mnyalukolo alivyosema, vipande vinatoka vizuri sana. Kitundu cha oili kilikuwa kimeziba nusu, nimesafisha, nimeweka oili mpya. Nimekata gogo lile lile la mwembe.

Jana saa 7 mchana: ilizima dakika ya 9. Taa za betri ya kushoto 3, za kulia 1. Nikabadilisha, ya kushoto nikaiweka kulia. Baada ya kuchaji, ikazima dakika ya 10, na safari hii zote zilikuwa na taa 2.

Leo saa 12 asubuhi, mvua imetoka kunyesha, kuna ubaridi: ilikata mpaka taa ya mwisho, haikuzima hata mara moja. Karibu dakika 14, lakini nilikuwa na matawi mengi kuliko gogo.

#45 Volti Moja

Joto. Nimefunga kesi.

#46 Mnyalukolo wa Mafinga

Kutoka 7 hadi 9 kwa tupa ya elfu chache, halafu mtu anasema joto.

#47 Duka la Zana (mstaafu)

3 na 1, mmeisoma lakini? Tatu kushoto, moja kulia! Asikudanganye mtu, hiyo ya gramu 610 ina siku zake.

#48 Kigogo wa Kiwangwa

Sikuandika ipi ilikuwa ya gramu 610, zinafanana. Nitaweka alama ya rangi wiki ijayo.

Jambo la mwisho kabla sijalala. Aliyenunua ile ya petroli kanipigia simu. Anasema inawaka kwa mvuto mmoja kila asubuhi. Fundi Kabureta, usiseme kitu.

#49 Fundi Kabureta

Sijasema.